Wanaozisifu Hawakuzifua

Katika kila msiba wa huku Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, hapakosi mzee mmoja ambaye, akishamaliza maharagwe yake na bundu, ugali wetu wa muhogo, atasimama awaseme wasichana wa siku hizi. Ataanza na suruali za kubana, apitie nywele za dukani, na mwisho afike kwenye gomesi. Zamani, atasema, mwanamke alivaa akavaa: gomesi hadi kisiginoni, mshipi wa kung'aa, mabega yamesimama. Zamani hata mtoto wa maskini alikwenda shule na shati jeupe limenyooka. Watu huguna kukubali, nami huguna nao, kwa kuwa hasemi uongo. Shati lilikuwa jeupe. Ila nikimtazama huwa namwona alivyokuwa kijana, kifua wazi, ameketi uani anangoja shati lake likauke, na dada yake bado yuko mtoni na beseni la pili.

Nakumbuka mengi kuhusu nguo za utoto wangu, na karibu yote yamelowa maji.

Mimi naitwa Biira. Jina hilo hakuna aliyeketi akalichagua. Kwetu sisi Wakonzo binti wa pili ni Biira, kama wa kwanza alivyo Masika, wa tatu Kabugho na wa nne Mbambu. Wavulana nao wana safu yao: Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Ukivuka mto ukaingia Kongo utawakuta ndugu zetu Wanande wakisema Paluku, Kambale, Kasereka, lakini mpangilio ni uleule. Wageni hushangaa kwamba jina tu linatosha kukuambia mtu kazaliwa wa ngapi. Nyumbani kwetu lilitosha pia kukuambia atavaa nini. Gauni lilipimwa mwilini mwa Masika. Likimbana lilikuja kwangu, nikalivaa hadi likanibana na mimi, likaenda kwa Kabugho, na Mbambu akalipokea likiwa limebaki nyuzi na jina. Masika sikuwahi kumlalamikia. Nilimlalamikia Mungu, maana ndiye aliyeipanga foleni.

Fundi wetu alikuwa na cherehani ya Singer ya kukanyaga, barazani pa duka moja kando ya barabara iendayo Mpondwe. Krismasi ikikaribia baba alinunua kitambaa cha jora moja, na sote, wavulana kwa wasichana, tukashonewa humohumo: mashati, magauni, na kilichobaki kikawa pazia. Kanisani tulijaza benchi zima tukawa kama ukuta uliopakwa rangi. Fundi aliagizwa aache pindo la shibiri nzima. Kila mwaka mama alilifumua kidogo akalishusha, na kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani kikatokeza na rangi yake mbichi ya dukani, chini ya ile iliyokwisha kupauka. Gauni likifika kwa Mbambu lilikuwa na mikanda kadhaa ya rangi, na mama aliweza kuionyesha kwa kidole: huu mwaka wa Masika, huu wa Biira, na huu mwembamba ni ule mwaka ambao hakuna aliyerefuka.

Nguo zilikuwa na vyeo, na zilishushwa cheo bila huruma. Ya kanisani ikichoka ikawa ya shule, ya shule ikawa ya nyumbani, ya nyumbani ikawa ya kazi chafu. Nguo ya kazi ndiyo niliyoivaa zaidi maishani. Ndiyo uliyoivaa ukitwanga muhogo uliokwisha kuvundikwa na kukaushwa, ukatoka kinuni mweupe hadi kwenye kope. Ndiyo uliyoivaa siku ya kusiriba sakafu kwa samadi ya ng'ombe na majivu, umepiga magoti unarudi nyuma kinyumenyume kuelekea mlangoni ili usikanyage ulikopaka. Baada ya hapo gauni liliacha kuwa gauni. Mgongo wake, ambao haukuwa umechakaa sana, ulikatwa nepi. Mikono ikawa vishikio vya sufuria. Vipande vya mwisho vikasokotwa kuwa utambi wa tadooba, ile taa ndogo ya bati, tukavichoma tukisomea.

Mukaka, mama yake baba, hakuvutiwa na habari hizi. Yeye alikulia juu, kwenye miteremko ya Rwenzori, na katika usichana wake alivaa gome la mti na ngozi. Alizoea kukaa mlangoni akitutazama tunavyojitwika mabeseni, akasema kwamba wakati wake hapakuwa na beseni. Gome, alitueleza, lilikuwa kazi ya wanaume. Mwanamume ndiye aliyeubandua mti, akalilainisha gome kwa maji ya moto, akaligonga kwa nyundo za mti zenye mifuo hadi likatanuka, kisha akalianika likageuka jekundu la udongo. Ndivyo ilivyo hata Buganda, ambako ufundi huo ulistawi kuliko kwingine na ambako UNESCO iliutambua mwaka 2005: mafundi wake tangu zamani ni wanaume. Na ngozi za perere na za mbuzi, waliowinda, waliochuna na waliokwaruza ni walewale. Nguo hizo hazikwenda mtoni. Gome likilowa sana hulegea likararuka. Lilikung'utwa, likaanikwa juani, likatundikwa mahali linapopata moshi, basi.

Kisha ikaja merikani, ile pamba nyeupe ambayo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliishusha Unguja katika karne ya 19, nayo ikapanda na misafara hadi kwenye nchi za maziwa. Nyuma yake zikafuata kaniki, khaki na kanzu za wamisionari. Pamba hunywa jasho, huonyesha uchafu, na hutaka sabuni. Nguo ilipoacha kuwa kazi ya mikono ya mume na kuwa kitu cha dukani, mume alipumzika; kazi mpya, ya kuitunza hiyo nguo, ikamwangukia mke na binti zake. Katika historia niliyofundishwa shuleni, ujio wa nguo za pamba ulikuwa habari ya biashara na ya ustaarabu. Mukaka ndiye mtu pekee niliyemsikia akiueleza kuwa habari ya kufua.

Mto wetu ni Lhubiriha. Unatelemka kutoka milimani ukiwa wa baridi hata saa sita mchana, unakwenda zake kuelekea Ziwa Edward, na ndio mpaka wa Uganda na Kongo. Siku ya kufua ilikuwa Jumamosi, isipokuwa kwa majirani zetu Wasabato, ambao walimaliza Ijumaa, na hivyo walituachia mawe mazuri. Maana kufua kulikuwa na mawe yake: la kusugulia, pana na lenye kukwaruza kidogo, la kupigia, lililolala kando, na la kukalia, ambalo wakubwa walilinyakua mapema. Khaki za kaka zangu zililowekwa kwanza. Kola ya shati la baba ilisuguliwa kwa gunzi la mahindi, na mkono usitulie, kwani ukisugua mahali pamoja unapatoboa. Nyeupe zilikuja mwisho, katika maji masafi yaliyotiwa bluu. Kola zilipigwa wanga wa muhogo, ule mweupe unaotuama chini ya maji yaliyochuja muhogo uliokunwa, kwa hiyo muhogo mmoja ulitulisha na kuwanyoosha shingo wanaume wa nyumba. Kisha nguo zikatandazwa juu ya nyasi na vichaka, na mdogo mmoja akapewa fimbo alinde mbuzi wasile vishikizo.

Mzigo wenyewe ulikuwa gomesi. Wazee wa msibani huliita vazi la mila, lakini kwetu lilihamia. Lilibuniwa Buganda mwanzoni mwa karne ya 20 na fundi Mgoa aitwaye Gomes, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, likatufikia huku kupitia makanisa na wake za machifu. Ni vazi zuri, sibishi. Mama alipolivaa alitembea polepole kama mtu asiye na deni. Ila kitambaa chake hakina mwisho, na ndani yake huvaliwa kikoyi ili kiuno kijae, nacho kina kufuliwa kwake. Gomesi la pamba likilowa lilitaka watu wawili kulikamua, kila mmoja na ncha yake, huyu akizungusha kulia na yule kushoto. Mimi na Masika tulijifunzia ugomvi pale. Mkiwa mmeshika gomesi lililolowa hamwezi kupigana wala hamwezi kuachia, kwa hiyo ilibidi tusemezane hadi yaishe, na hadi leo tukiwa na jambo zito tunalimaliza kwa maneno.

Kuna kitu kingine nilikuja kukielewa nikiwa mtu mzima: pale mtoni tulikuwa tumesimama kati ya marais wawili waliojali sana nguo za watu. Upande wetu Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, na mwaka 1974 akaongeza nywele za bandia na suruali kwa wanawake. Ng'ambo, Mobutu, aliyekuwa ameiita nchi Zaire mwaka 1971, alikuwa anawavua wanaume suti na tai kwa jina la uhalisi wa Kiafrika: mwanamume wa heshima avae abacost, koti lisilo na tai, na mwanamke avae kitenge. Jamaa yetu mmoja, mwalimu wa Kasindi, alizoea kuvuka kuja kanisani kwetu na tai mfukoni, akaifunga akishafika upande huu, akaivua kabla ya kurudi. Kwetu amri ya Amin ilimwangukia Masika, ambaye alikuwa anakua haraka kuliko kipato cha baba. Gauni lililompanda juu ya magoti, ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa ni umaskini tu, sasa lilikuwa kosa. Mama aliliunga kipande cha khaki kwa chini, likawa refu na la ajabu, na Masika akalivaa huku analia. Wakuu hao wawili walitoa maagizo ya urefu, ya kola, ya nywele. Nani afue hawakusema, na hakuna aliyewauliza.

Kisha sabuni ikatoweka. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka, na maduka yao, pamoja na yale ya Kasese ambako baba alinunua jora zake, yakagawiwa wanajeshi na rafiki zao, watu tuliowaita mafuta mingi. Uganda nzima ilisimulia habari ya mwenye duka mpya aliyeulizwa bei ya shati, akatazama kwenye kola, akakuta namba 15, akasema shilingi kumi na tano. Sijui ni nani aliyemwona, lakini kila mtu alikuwa na binamu aliyelinunua shati hilo. Zilipokwisha bidhaa zilizokuwa zimebaki, rafu zikabaki mbao. Chumvi kwetu haikuwa tatizo kubwa, ziwa la chumvi la Katwe lipo. Sabuni ndiyo iliyotutoa machozi. Tulifulia majani ya mpapai yaliyopondwa, tukafulia maji ya majivu ya maganda ya ndizi, na shati jeupe la baba likaanza kugeuka manjano taratibu, naye akaanza kulitazama, na sisi tukaanza kumtazama yeye.

Tuliokolewa na shangazi. Aliolewa Kasindi, na kila alipotutembelea alifika mnene akaondoka mwembamba. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa mama, akaanza kujifungua: kitenge cha kwanza, cha pili, cha tatu, hadi akabaki na chake mwenyewe, na katikati ya vitenge vipande vya sabuni vimefungwa kwa kamba za mgomba kiunoni. "Biira, leta mayi, mwili inawaka moto," alikuwa akinituma kwa Kiswahili cha kwao, nami nikakimbia na kata. Baadhi ya vitenge vilitoka mbali, Kisangani, katika kiwanda cha Sotexki. Mama aliviuza vyote isipokuwa kimoja, ambacho kilikaa ndani ya sanduku la bati na hatukujua anakisubirisha nini. Wakati wa kurudi shangazi alifunga mgongoni mtoto asiyelia. Ilikuwa kahawa ya baba. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilikuwa imepandisha bei duniani, na wakati serikali yetu ililipa kidogo na kwa kuchelewa, ng'ambo walilipa papo hapo. Mwaka huohuo Amin aliunda mahakama ya makosa ya kiuchumi, na mtu wa magendo aliweza kupigwa risasi. Sisi watoto hatukuyajua. Tulijua kwamba shangazi akija, Jumamosi inakuwa na povu.

Nikiwa mkubwa nilimuuliza kama hakuogopa. Alinijibu kwamba askari wa mpakani hawampekui mwanamke mnene anayetoka jasho, wanamwonea huruma.

Haki ya kaka zangu nayo isemwe, hawakukaa bure. Walichunga mbuzi, walipanda mlimani kutafuta kuni, walibeba magunia sokoni. Tofauti ni kwamba kazi yao ilikuwa na mwisho wake, mbuzi akishafungwa amefungwa. Siku moja Kule, ambaye alikuwa na roho ya huruma, alikuja mtoni na kaptura yake akaanza kuifua mwenyewe. Wanawake wa ng'ambo walicheka hadi mmoja akakaa chini. Kule alivumilia, akaendelea kusugua huku masikio yamemwiva. Kilichomshinda si kicheko, ni mama. Alitelemka kutoka nyumbani, mama yangu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akamnyang'anya kaptura, akamwambia, "Unataka watu waseme sina mabinti?" Nimeisikia mihadhara mingi kuhusu haki za wanawake katika kumbi za Kasese na Kampala, na kila mara huwa naikumbuka sentensi hiyo, kwa sababu mihadhara mingi huwalaumu wanaume kana kwamba wao ndio waliosimama pale mtoni. Baba siku hiyo hakuwepo. Hata kama angekuwepo, nadhani angenyamaza, maana alishazoea kusema kwamba nguo safi ni heshima ya nyumba, na mtu hawezi kuhoji heshima inayofika mezani imekwisha kupigwa pasi.

Pasi ilikuwa ya mkaa na ilikuwa na tabia zake. Ulipaswa kuipepea ikiwa nje ya nyumba, uteme mate kidogo uone yanavyoruka, uipitishe juu ya jani la mgomba ili iteleze na iache masizi, ndipo uiguse nguo. Cheche moja ikiruka, shati limekuwa na jicho. Masika ndiye aliyeaminiwa nayo, mimi nilipepea. Nyumba zisizokuwa na pasi zilikunja nguo vizuri na kuzilalia chini ya godoro la nyasi, na siku ya Jumapili ungeweza kuwatambua kwa mstari ulionyooka sana mahali pasipostahili mstari.

Halafu kuna pamba. Nyanda za chini za Kasese ni nchi ya pamba tangu zamani; wakulima waliiuza kupitia chama chao cha ushirika cha Nyakatonzi. Nasi tulikuwa na shamba, na likizo ya Krismasi ilikuwa likizo ya kuchuma. Ukichuma unachagua: nyeupe inaingia gunia la safi, iliyotiwa madoa na wadudu inaingia la fifi, na bei zake ni mbili. Vidole vilichanwa na maganda makavu. Nilichuma safi nikiwa nimevaa gauni ambalo, kama lingepelekwa mizani, hata fifi lisingefika. Pamba ikaondoka na lori. Mahali fulani, pengine Nytil kule Jinja, kiwanda kilichopata umeme wake kwenye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, iligeuka kitambaa, na mara mojamoja kitambaa hicho kilirudi kwetu kikiwa sare ya shule. Hesabu hiyo niliipenda: tunachuma, wanasokota, tunavaa. Ilikatika mbele ya macho yetu. Uganda ilitoa zaidi ya marobota 400,000 ya pamba mwaka 1970. Kufikia 1980 hayakufika 50,000. Viwanda vya kuchambulia vilikosa vipuri, wakulima wakakosa malipo. Baba hakusubiri takwimu. Aling'oa pamba akapanda muhogo, kwa kuwa muhogo unaliwa hata serikali isipolipa.

Kwa hiyo mivumba, yaani nguo za mitumba, ilipoanza kumiminika, miaka ya baada ya vita vilivyomalizika 1986, haikukuta mtu wa kuizuia. Watanzania waliwahi kuziita kafa Ulaya. Kwetu kulikuwa na waliozipekua wakinong'ona kwamba mwenyewe kafa, kisha wakauliza bei. Mama alinunua gauni la tetroni lenye maua makubwa. Alilifinya ndani ya kiganja, akaliachia, likarudi lilivyokuwa bila hata mkunjo. Akarudia. Akacheka peke yake, kicheko cha msichana, akaniambia, "Biira, hii haina pasi." Alilifua jioni kwa dakika chache, asubuhi likawa limekauka, akalivaa. Gomesi alibakiza la harusi na msiba, nalo akachagua la hariri ya bandia, jepesi. Sikumsikia hata mara moja akilitamani lile la pamba.

Ndiyo maana nikisikia mjadala wa mitumba nashindwa kukaa upande mmoja. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kwamba nguo hizo zikome kuingia kufikia 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA. Wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Agosti 2023 Rais Museveni, akiwa Mbale, alizikataa tena, akisema ni nguo za watu waliokufa. Mimi niliyechuma safi nikavaa chini ya fifi nina sababu ya kumuunga mkono. Pamba ya Kasese ingeweza kushonwa Uganda, na nisingependa wajukuu wangu waichume ili iondoke tu. Lakini katika hesabu zote nilizosoma, za ajira, za ushuru, za fahari ya taifa, sijaona safu ya saa za wasichana mtoni. Nguo nyepesi zilizotupwa na watu wa mbali ziliwapa mabinti wa Bwera Jumamosi. Kabugho aliitumia ya kwake kusoma, akawa muuguzi. Atakayeziondoa sokoni na alete na kitu kitakachoilinda hiyo Jumamosi, iwe maji ya bomba, iwe mashine, iwe Kule na kaptura yake bila kuchekwa.

Masika mwenyewe anauza mivumba katika soko la Mpondwe, ambalo hujaa Jumanne na Ijumaa, watu wakivuka kutoka pande zote mbili. Ana meza chini ya hema, na ana jicho. Anaweza kugusa kitambaa huku anaongea na mteja mwingine akakuambia ni nini na kitadumu miaka mingapi. Robota likifunguliwa wauzaji wadogo humzunguka, wakivuta kwa zamu ili wa mwisho asibaki na soksi tupu.

Ijumaa moja nilimkuta amelifungua. Ndani ya lundo niliona kona ya kitu, nikavuta, likatoka gauni la pamba tupu, kola ya mviringo, kiuno kimefinywa, na pindo pana la shibiri nzima. Aliniambia kwamba wasichana wa vyuo wanayawinda hayo, wanapigia picha, na mfanyabiashara mmoja wa Kampala humpigia simu ayatenge. Nikamuuliza bei. Akaitaja bila kupepesa.

"Dada Masika, mimi ni mdogo wako."

"Ndiyo maana nakuambia ukweli. Chukua lile la polista, nakupa bure. Hili linataka wanga, linataka pasi, na ukilikausha vibaya linasinyaa. Una umri gani wewe wa kuanza kukamua?"

Nikamwambia sasa hivi nina mashine. Akaniuliza mashine hiyo inapiga pasi pia? Wateja wake walikwisha kuanza kusikiliza na mmoja akashika upande wangu, akasema mzee apunguziwe. Masika akamjibu kwamba huyu si mzee, ni Biira, amezoea kuvaa nguo alizozivaa Masika kwanza, na leo anataka yake mwenyewe, basi alipe.

Nikalipa. Hakupunguza hata shilingi mia.